Vuli kanisani huku Marekani: mwongozo kamili wa shughuli na ushirika kuanzia Septemba mpaka Majilio

Bwana asifiwe wapendwa. Mwongozo huu nawaandikia nyie mnaoongoza ibada za Kiswahili kwenye makanisa ya mtaani huku Marekani, zile ibada ambazo nyingi tunazifanya mchana kwenye jengo la kanisa lingine baada ya wenyeji kumaliza ibada yao ya asubuhi. Inaweza kuwa Louisville, Des Moines, Houston, Minneapolis, Portland ya Maine, au mji mdogo tu wenye kiwanda cha nyama na familia kumi na tano za Wakongo, Warundi na Watanzania, mambo ni yale yale.

Lengo langu ni moja na nitalirudia sana. Theluji ya kwanza ikianguka, asiwepo mtu kwenye ushirika wenu anayeweza kukaa wiki nzima bila mtu kugonga mlango wake. Basi. Mavuno, chakula cha pamoja, makoti, kuzoa majani, ibada ya kuwakumbuka marehemu, vyote hivi nimevipanga kwa lengo hilo, kwahiyo kama shughuli fulani haiwasaidii kufika hapo iacheni tu msijichoshe.

Kwa nini vuli? Kwa sababu kiangazi watu wanaonana wenyewe, kuna harusi, nyama choma kwenye paki, watoto wako nje mpaka saa mbili usiku. Januari hakuna anayetoka. Katikati hapo kuna miezi mitatu ambayo hali ya hewa bado inaruhusu na watu wameshatulia shule zimefunguliwa, hiyo ndo nafasi yenu ya kufahamiana kweli kweli. Mtu aliyekulia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu au Kakuma au Nakivale, au hata Mbagala, amezoea kusikia jirani anakohoa, alafu anakuja kuishi kwenye apatimenti ambapo milango yote imefungwa na hajui hata jina la mtu wa mbele yake. Baridi ikiingia kabla hajapata watu, anaumia kimya kimya na nyie mtakuja kujua Machi.

Hatua ya 1: Kaeni na kanisa mwenyeji mapema, Agosti ikiwezekana

Msianze kutangaza kitu kabla ya kikao hiki. Aende mchungaji, katibu, na mama mmoja anayeheshimika jikoni, kwa sababu ugomvi mwingi kati yetu na wenyeji unaanzia jikoni na sio kwenye theolojia. Ulizeni mambo haya moja kwa moja na muandike majibu: ni Jumamosi zipi ukumbi uko wazi mpaka mwisho wa Novemba, nani ana funguo, sufuria zipi ni za kutumia na zipi haziguswi, mafuta yaliyotumika yanamwagwa wapi (kamwe sio kwenye sinki, bomba zikiziba hamtasahaulika), joto linawashwaje na linazimwa saa ngapi, na takataka zinatoka siku gani.

Alafu ulizeni habari ya watoto. Makanisa mengi huku yana sheria ya kulinda watoto na bima yao inaidai: watu wazima wawili wasio wa familia moja kila mahali penye watoto, kila anayefundisha shule ya Jumapili afanyiwe uchunguzi wa rekodi zake za jinai, mlango uwe na kioo au ubaki wazi. Najua kwetu mtoto ni wa wote na anakimbia popote anapotaka wakati wa kwaya, lakini huku watoto wakizurura kwenye korido bila mtu mzima wenyeji wanashtuka na wana haki ya kushtuka. Ikubalini sheria yao yote, mana'ke ni nzuri na inawalinda watoto wetu wenyewe.

Kwenye kikao hicho hicho waombeni kitu kimoja cha kufanya pamoja. Mimi napendekeza Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Makanisa mengi ya Kiprotestanti huiadhimisha kama siku ya Ushirika Mtakatifu wa dunia nzima, desturi iliyoanzia kwenye kanisa la Shadyside Presbyterian pale Pittsburgh mwaka 1933, kwahiyo wenyeji wenu wengi tayari wanaijua na hawataona kama mmewaletea jambo geni. Kwaya yenu iimbe nyimbo mbili, neno lisomwe kwa Kiswahili na Kiingereza, Sala ya Bwana kila mtu aisali kwa lugha yake kwa pamoja. Hamhitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya 2: Pangeni kalenda kwa kufuata shifti

Hapa ndo wengi wanakwama. Viongozi wanapanga tukio Jumamosi saa nne asubuhi, wanakuja watu wale wale wenye kazi za ofisini, na wale wa kiwandani, wa magodauni, na kina dada wanaohudumia wazee kwenye nyumba za wazee hawaonekani, alafu tunasema "watu hawana moyo". Wana moyo ila wametoka kazini saa kumi na mbili asubuhi.

Fanyeni hivi: wiki ya kwanza ya Septemba pitisheni karatasi ibadani, kila mtu aandike jina, mtaa au apatimenti anayokaa, shifti yake (mchana, jioni, usiku), na kama anaendesha gari. Ni maswali manne tu. Msitume fomu ya mtandaoni peke yake kwa sababu bibi zetu hawataijaza. Asiyejua kuandika aandikiwe na kijana, tena kijana aulize kwa heshima, sio kwa sauti ukumbi mzima usikie.

Hiyo karatasi ndo dhahabu yenu. Matukio makubwa yasizidi manne vuli nzima, na angalau mawili yafanyike kwa mtindo wa mlango wazi, yani kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi na moja jioni, mtu anaingia anakula anasalimia anaondoka kwenda kazini bila kuonekana ameharibu ratiba. Tukio lenye programu ndefu na mgeni rasmi na risala linawatenga watu wa shifti, niaminini.

Hatua ya 3: Jumuiya za mtaani

Sisi tuliokulia KKKT (Walutheri wa Tanzania) au Katoliki tunazijua jumuiya, zile za kukutana nyumba kwa nyumba alfajiri au jioni. Wapentekoste wengi wa Kongo nao wana vikundi vya maombi vya nyumbani. Msizianzishe kwa kufuata kabila au nchi. Chukueni ile karatasi, angalieni nani anakaa karibu na nani, gaweni kwa umbali wa kutembea au dakika chache za gari. Familia nne mpaka saba zinatosha. Mkiwa kumi na mbili hamuenei sebuleni na aliyekosa hatajulikana.

Kila jumuiya iwe na watu wawili wenye kazi maalumu. Mmoja wa kufungua maombi na neno. Wa pili, na huyu ndo muhimu zaidi, ni wa kutafuta watu: kazi yake ni kujua kila mwisho wa wiki kama kila nyumba imeonekana na mtu kwa macho, sio kwa meseji. Grupu la WhatsApp ni zuri kwa matangazo lakini mtu anaweza kutuma "Amina" na mikono iliyokunjwa kila asubuhi huku amelala kitandani siku ya tano hajala vizuri. Mlango ugongwe.

Nataka niseme habari ya wazee hapa. Karibu kila ushirika wetu una mama mzee ambaye Kiingereza hajui, Kiswahili anakijua cha kuombea maji tu, lugha yake ni Kibembe au Kirundi au Kinyamulenge. Watoto wake wanaondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, wajukuu wanaenda shule, na yeye anabaki na televisheni asiyoielewa mpaka jioni. Kiangazi alikuwa na bustani yake. Vuli ikifika bustani inakufa na kazi yake inakufa nayo. Huyo mama apangiwe mtu wa kumtembelea mchana siku mbili kwa wiki, na kwa hakika wanaofaa ni watu wa shifti ya usiku ambao wameshaamka saa nane mchana, kwahiyo mnaona ile karatasi inavyofanya kazi. Na asiende kumwangalia tu kama mgonjwa, aende na kazi: maharage ya kuchambua, mtoto wa kusukwa nywele, unga wa kukandwa. Mtu akiwa na kazi anajiona bado ni mama wa watu.

Hatua ya 4: Sikukuu ya Mavuno na mnada

Hii ndo naipenda kuliko zote na sioni sababu ya kuiacha Bukoba au Kigoma. Wengi mnaukumbuka mnada wa mavuno: watu wameleta mahindi, maharage, mikungu ya ndizi, kuku, mayai, wakati mwingine na mbuzi, ibada ikiisha vitu vinapigwa mnada nje ya kanisa, mtu ananunua mkungu kwa bei ya juu alafu anautoa tena upigwe upya, na mzee asiye na hela anapewa kuku na mtu aliyeshinda. Huku inawezekana kabisa.

Tarehe kwanza. Kama mko kaskazini, Iowa, Minnesota, Maine na kwingineko, baridi ya kwanza ya kuua mimea mara nyingi inaingia kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Lengalenga (mchicha) na majani ya maboga yanakufa kwa usiku mmoja tu, asubuhi unakuta yamekuwa meusi. Kwahiyo mavuno yawe Jumapili ya mwisho ya Septemba au ile ya kwanza ya Oktoba, na mkiiweka pamoja na ibada ya wenyeji mmeua ndege wawili. Texas mnaweza kusogeza mpaka Novemba.

Vitu vya kuleta: mboga za bustani zenu, mahindi, maboga, pilipili, bilinganya, lakini pia mkate wa kuoka, kitenge, mfuko wa mchele, kikapu cha matufaha, maandazi. Aliyepanga apatimenti bila bustani asijisikie vibaya, aje na kazi ya mikono yake. Vijana waweke mnadani huduma: kuosha gari, kulea watoto jioni moja, kufundisha mtu kutumia kompyuta, kusuka. Wenyeji Wamarekani wanazipenda sana hizi, na kijana akienda kuosha gari la mzee wa mtaani tayari mmepata ujirani.

Mpiga mnada awe mtu mwenye mdomo na moyo, na awe na mtafsiri pembeni mwenye kasi ile ile. Anzeni bei chini, dola moja au mbili. Kitu cha mjane au mzee kinadiwe mapema watu wakiwa bado na hela mfukoni, hii ni heshima wanaoijua wanaijua. Na wekeni kiasi kidogo pembeni, mhazini ajue yeye na mchungaji tu, cha kumnunulia kitu mtoto au mzee anayeshindwa kila mara.

Upande wa hela: wahesabu watu wawili mahali pa wazi, na kiasi kitangazwe siku hiyo hiyo. Mtu akitoa sadaka ya dola 250 au zaidi kwa mara moja mpeni barua ya kanisa kwa ajili ya kodi yake, ila kwa kitu cha mnada kinachohesabika kama sadaka ni kile kilichozidi bei ya kawaida ya kitu chenyewe. Bahati nasibu msifanye bila kuuliza sheria za jimbo lenu, majimbo mengi yanataka kibali.

Hatua ya 5: Makoti, joto na moshi

Makoti yakusanywe Septemba na yatoke kabla ya katikati ya Oktoba. Kanisa mwenyeji lina makabati yaliyojaa makoti ambayo watoto wao wameshayazidi, mnachotakiwa ni kuwapa orodha ya saizi badala ya kusema "tunaomba nguo". Jinsi ya kugawa ina uzito wake: msimuite mtu mbele akapigwa picha anapokea koti. Tengeni chumba, tundikeni makoti kwenye hanga kama dukani, wekeni kioo, familia iingie moja moja ijichagulie. Mtu aliyechagua koti lake analivaa, aliyetupiwa analificha. Mkiwa hapo wafundisheni wageni wapya kuvaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, soksi kavu, kofia na glavu kwa watoto wanaosubiri basi la shule.

Sasa hili lifuatalo litangazwe madhabahuni, kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Kifaransa, kwa lugha zote mlizonazo, tena zaidi ya mara moja. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya nyumba. Wala gereji. Wala kwenye baraza lililozibwa kwa nailoni. Kwetu nyumba zina nafasi za kupitisha hewa, matofali yana matundu, huku nyumba zimezibwa ili joto lisitoke, na mkaa ukiwaka ndani unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, anadhani ni uchovu wa kazi, analala na haamki. Jenereta na jiko la gesi la kupikia nje ni vile vile, na oveni ya gesi isitumike kupasha nyumba joto. Kila nyumba iwe na king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala, na kina betri inayohitaji kuangaliwa. King'ora kikilia kila mtu atoke nje kwanza, simu ya 911 ipigwe mkiwa nje. Kila mtafuta-watu wa jumuiya aingie kila nyumba na akione hicho kifaa kwa macho yake mwenyewe. Nimelirefusha hili kwa sababu sina njia nyingine ya kupiga kelele.

Ambaye hawezi kulipa bili ya joto asingoje ikatwe. Kuna msaada wa serikali unaitwa LIHEAP unaosaidia familia zenye kipato kidogo, kila jimbo lina tarehe zake za kupokea maombi na hela zinaweza kuisha. Sehemu nyingi ukipiga 211 watakuelekeza na unaweza kuomba mkalimani. Wekeni meza moja baada ya ibada mwezi Oktoba, vijana wawili wenye laptopu, wasaidie watu kujaza. Chanjo ya mafua nayo ni Septemba na Oktoba, ulizeni famasi au idara ya afya ya kaunti kama wanaweza kuja kanisani.

Hatua ya 6: Majani ya majirani

Jumamosi moja katikati au mwisho wa Oktoba nendeni mtaani na reki. Tafuteni wazee na wagonjwa wanaokaa karibu na kanisa, kanisa mwenyeji litawapa majina na litawatambulisha, mana'ke kundi la watu wageni likitokea uani kwa mtu bila taarifa linamtisha. Kikosi cha watu watano au sita, mchanganyiko wa vijana na watu wazima, wetu na wa kwao. Angalieni sheria ya jiji: kwingine wanataka majani yawekwe kwenye mifuko ya karatasi, kwingine yanasukumwa kando ya barabara, na kuyachoma moto sehemu nyingi ni marufuku. Ngazi za kupandia paa msiguse.

Mkimaliza msiondoke mbio. Chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye chupa na maandazi ya moto, mlango wa mzee ufunguliwe, muulize anaitwa nani na amekaa hapo miaka mingapi. Wazungu wazee wanaoishi peke yao wana upweke ule ule wa mama yetu wa Kibembe, nimeuona kwa macho yangu, na wanapenda kuongea. Acheni namba ya simu ya jumuiya ya karibu. Theluji ikianguka vijana wale wale watajua ni kwa nani wa kwenda kuzoa theluji mlangoni.

Hatua ya 7: Tarehe 31 Oktoba

Wengi wetu hatupendi Halloween, na mimi sisherehekei mambo ya mizimu na mifupa. Lakini jioni hiyo watoto wa mtaa mzima wako barabarani wakiomba pipi, wanapita mlangoni kwenu, na kanisa likiwa giza na geti limefungwa watoto wanajifunza kwamba kanisa ni mahali pa giza. Msimamo wangu: washeni taa zote. Makanisa mengi huku yanapanga magari kwenye paking, buti zinafunguliwa, zinapambwa, na watoto wanapita gari kwa gari wakipewa pipi wazazi wakiwa pembeni. Pambeni buti zenu kwa vitenge, ngoma, hadithi za Biblia, maboga na mahindi. Toeni pipi zilizofungwa tu, na wekeni bakuli moja la vitu visivyoliwa kama penseli na stika kwa watoto wenye aleji. Mmoja awe na kazi ya kusalimia wazazi na kuwapa karatasi yenye saa za ibada. Magari yasitembee kabisa watoto wakiwepo.

Walutheri mnayo pia Siku ya Matengenezo, 31 Oktoba 1517, ambayo huadhimishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwahiyo mnao wimbo na ujumbe wenu tayari. Na waumini ambao dhamiri zao zinakataa kushiriki waachwe kwa amani, wapewe kazi ya kuombea ndani ya kanisa.

Hatua ya 8: Ibada ya kuwakumbuka waliolala

Tarehe 1 Novemba ni Siku ya Watakatifu Wote, na Wakatoliki wanayo tarehe 2 kwa marehemu wote. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yanaifanya Jumapili ya kwanza ya Novemba. Msiipite juu juu.

Ndugu zangu, watu wetu wamebeba misiba ambayo hawakuizika. Mtu mama yake amefariki Uvira, hana makaratasi ya kusafiria, ameangalia maziko kwenye simu akiwa chooni kazini wakati wa mapumziko ya dakika kumi na tano, alafu amerudi kwenye mashine. Wengine walipotezana na ndugu vitani na hawajui walizikwa wapi, au kama walizikwa. Matanga hayakukaliwa. Hakuna aliyekuja na uji, hakuna aliyelala sebuleni kwao.

Kwahiyo wiki mbili kabla kusanyeni majina kwa karatasi: jina kamili la marehemu, alikuwa nani kwako, na kijiji au mji wake. Vijiji visomwe, kusikia Fizi au Rumonge au Moshi ikitajwa madhabahuni Marekani kuna kitu kinafanya kwa mtu. Msomaji ajifunze kutamka kila jina mapema kwa kumpigia simu mhusika, jina la baba ya mtu likikosewa siku hiyo ni jeraha. Mshumaa mmoja kwa kila jina, familia ikauwashe wenyewe. Msiweke kikomo cha majina wala msiharakishe. Wenyeji nao walete majina yao, na hapo ndo utaona mzee wa Kimarekani na mama wa Kikongo wanashikana mikono bila kujua lugha.

Baada ya ibada kaeni. Wali, maharage, chai, viti vya duara, watu waongee au wanyamaze. Wazee wa kanisa wasihubiri tena. Watafuta-watu waangalie nani amelia kupita kiasi au nani hakulia kabisa, na wagonge mlango wake Jumanne. Mtu akisema hataki kuishi tena msimwachie maombi peke yake, kaeni naye na pigeni pamoja 988, namba ya msaada kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua.

Hatua ya 9: Saa zinarudi nyuma

Jumapili hiyo hiyo ya kwanza ya Novemba, saa nane usiku saa zinarudishwa mpaka saa saba. Arizona karibu yote na Hawaii hawabadilishi. Simu zinajibadilisha zenyewe ila saa ya ukutani kanisani haijibadilishi, mtu airudishe mapema. Nyumbani hawabadilishi, kwahiyo kama uko New York tofauti na Dar au Nairobi inatoka masaa saba kuwa nane, na walioko Chicago inatoka nane kuwa tisa, waambieni watu wasiwaamshe wazazi.

Kubwa zaidi ni giza. Minneapolis na Maine jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ibada inayoanza saa tisa mchana ikaisha saa kumi na mbili, wazee wasioona vizuri usiku na kina mama wanaosubiri basi wanaacha kuja, na nyie mnadhani wamepoa kiroho. Muombeni mwenyeji msogee mpaka saa saba mchana kuanzia Novemba mpaka Machi, na wekeni ratiba ya magari: nani anambeba nani, jina kwa jina.

Hatua ya 10: Meza ya Thanksgiving

Hii ni sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Rais Lincoln aliitangaza mwaka 1863 na sheria ya mwaka 1941 ikaiweka hapo ilipo. Lakini hospitali, nyumba za wazee na maduka hayafungi, watu wetu wengi wako kazini, kwahiyo mezani kaeni Jumamosi ya kabla yake, na siku yenyewe kila jumuiya ihakikishe hakuna anayekula peke yake. Waalikeni wanafunzi wanaobaki bwenini chuoni wakati wenzao wameenda kwao.

Mpango wa chakula: kila nyumba ije na sahani moja, ila kitu kikuu msikiache kwa bahati. Mchele mkavu hesabuni gramu 100 kwa mtu mzima, watu 60 ni kilo 6 za pilau. Bata mzinga aliyeganda anayeyushwa ndani ya friji, sio mezani: wa kilo 7 anachukua kama siku 4, kwahiyo akipikwa Ijumaa usiku aingie frijini Jumatatu. Ameiva pale ambapo kipimajoto kikichomwa kwenye paja na kifua kinasoma nyuzi 74 za Selsiasi, ambazo ni 165 za kwao (Farenhaiti). Mkishamwivisha usiku, mkateni vipande aingie frijini, kesho mnapasha mpaka nyuzi zile zile.

Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, na chochote kilichokaa mezani masaa mawili bila moto wala barafu kirudi frijini au kitupwe. Najua inauma kutupa pilau, lakini wali uliokaa nje tangu mchana unatapisha ukumbi mzima, kwahiyo dawa ni kutoa kidogo kidogo jikoni badala ya kuweka sufuria lote nje.

Kila sahani iwe na kikaratasi: jina la chakula na kama kina karanga, maziwa, mayai, ngano, samaki, ufuta au soya. Sombe (kisamvu) ya karanga na mchicha wa karanga kwa macho havionyeshi karanga, na mtoto wa jirani mwenye aleji anaweza kufa. Hiki kikaratasi mpeni kijana mmoja akisimamie mlangoni, sahani isiyoandikwa haipiti.

Kukaa: msiwaache Watanzania meza yao, Warundi yao, wenyeji yao. Wekeni rangi kwenye vikombe, rangi moja meza moja, na kila meza iwe na mtu anayejua lugha mbili. Shukrani ziwe fupi, kila meza mtu mmoja dakika mbili, na watoto waanze. Wazee wapakuliwe mezani walipo, wasipange foleni. Vilivyobaki vifungwe kwenye vyombo usiku huo huo vipelekwe kwa walioko shifti na wagonjwa, viliwe ndani ya siku tatu au nne.

Kabla ya Majilio

Majilio yanaanza Jumapili iliyo kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Wiki hiyo viongozi wakae saa moja tu na ile karatasi ya Septemba. Soma kila jina, uliza: nani alimwona mara ya mwisho, lini, wapi. Jina ambalo hakuna anayeweza kulijibia liandikwe kwenye ukurasa mpya, na lipewe mtu wa kwenda kabla ya Jumapili. Waliohamia mjini tangu Septemba waongezwe, wapangiwe jumuiya. Wenyeji wapelekewe barua ya shukrani na funguo zilizoazimwa, jiko lisuguliwe, na mhazini asome hesabu ya mnada na makoti mbele ya wote, imetoka ngapi, imeenda wapi, imebaki ngapi kwa ajili ya bili za joto za Januari.